Wa Kwanza Kupimwa

Asubuhi nzima Bwana Tone alikaa nyuma ya meza yake kama muuza barafu siku ya mvua. Hema lilikuwa limesimikwa vizuri kando ya soko, glovu mpya, pamba, vikasha vya vipimo vimejipanga kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Mbele yake viti vilikuwa vitupu. Watu walikuwepo, tena tele, ila walisimama mbali wamekunja mikono, wakimtazama bila haraka yoyote ya kusogea.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Alikuwa mpimaji wa maabara katika kituo cha afya, na kwa kuwa alimwambia kila aliyemkuta, "Tone moja tu, ndugu yangu, tone moja," wakamwita Bwana Tone, yakaisha. Safari hii tone lilitakiwa kwa ajili ya ukoma. Kwa miaka mingi watu wa mtaa ule walikuwa wakigunduliwa vidole vimeshapinda na nyayo zimeshaota vidonda, na daktari wa ngozi aliyekuwa akija kutoka hospitali kuu alikuwa amechoka kufika mambo yakiwa yameharibika. Sasa kililetwa kipimo cha kutafuta kingamwili, yaani wale askari ambao mwili huwaunda ukikutana na vijidudu vya ugonjwa. Unachoma kidole, unaweka damu kwenye kikasha cha plastiki, unasubiri. Mstari mmoja maana yake kipimo kimefanya kazi na hakuna kilichoonekana. Mistari miwili maana yake damu inavijua vijidudu vya ukoma. Mwenye mistari miwili haambiwi kwamba ni mgonjwa, lakini lazima daktari amkague mwili mzima, kuanzia utosini hadi unyayoni.

Bwana Tone alikuwa ameyaeleza hayo yote kwa kipaza sauti mpaka koo likamkauka.

"Leo tone, kesho ndoo!" alipiga kelele kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na hema. Kinyozi huyo alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe wake, na watu walicheka wakazidi kurudi nyuma.

Hapo ndipo Bwana Tone alipomkumbuka dada yake.

Dada yake alikuwa dobi. Alipiga pasi ng'ambo ya barabara, chini ya bati, pasi ya mkaa mkononi na rundo la nguo za watu mezani, na mtaa mzima ulimwita Dada Pasi. Hakukuwa na mwanamume aliyekwenda harusini, msibani au kuposa bila shati lake kupita mikononi mwa mama huyu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akashika ndoo ya kufulia ili mdogo wake asome. Bwana Tone hakuwahi kuambiwa jambo hilo kama deni, wala halikuhitaji kusemwa. Alivuka barabara.

"Dada, njoo uniokoe. Nimekwama."

"Nina mashati ya watu hapa."

"Dakika chache tu. Wakikuona wewe umekaa, wote watakaa."

Dada Pasi akamtazama, akacheka, akaiweka pasi kwenye kisahani chake. "Tangu uzaliwe wewe ni kuokolewa tu. Twende."

Alipokaa kitini watu walianza kusogea. Kinyozi naye akasogea, kitana bado kikiwa mkononi. "Na majibu je? Si utamnong'oneza mwenyewe sikioni, sisi tubaki tunakula upepo?"

Kanuni ya kazi ilikuwa hiyo hiyo: majibu ni siri ya mtu. Bwana Tone aliijua, aliwahi hata kuwafundisha wengine. Lakini umati ulikuwa umeanza kulainika, na mtu aliyekaa na viti vitupu asubuhi nzima anaweza kuahidi chochote.

"Nitayasoma hapa hapa, kwa sauti," alisema.

"Yasome!" alidakia Dada Pasi. "Mimi nina cha kuficha gani? Hata umri wangu mnaujua, kwa bahati mbaya."

Wakacheka. Alitoa mkono wa kushoto, na sindano ilipomgusa alipiga ukelele, "Jamani, ameniua, nani atanifulia sanda?" na watu wakashika mbavu. Damu ikaingia kwenye kikasha. Wakati wa kusubiri aliwasimulia jinsi mpimaji wao alivyokuwa akiogopa kuku utotoni. Bwana Tone alicheka pamoja nao, akainamia meza kuangalia.

Mistari ilikuwa miwili.

Mstari wa pili haukuwa wa kutafutwa kwa miwani. Ulikuwa mwekundu, mnene, umejaa tele. Kwa muda ambao mtu anapepesa macho Bwana Tone aliona mambo mengi mno: wateja wakija kuchukua nguo zao zikiwa bado na maji, kinyozi akikosa neno la kusema, viti vikirudi kuwa vitupu, na dada yake akibaki peke yake katikati ya watu waliokuwa wakicheka naye. Kidole gumba chake kilishuka kikafunika nusu ya kikasha. Akakiinua juu.

"Mstari mmoja!" alitangaza. "Safi kabisa!"

Watu walipiga makofi. Kinyozi ndiye aliyekaa kitini wa pili, na hadi jua lilipoegemea magharibi foleni ilikuwa imezunguka hema. Waliopatikana na mistari miwili aliwaita kando mmoja mmoja, akawaeleza kwa upole kama inavyopaswa, akawaambia siku ya daktari. Kazi aliifanya vizuri kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuachia neno kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake, labda kwa sababu hawakudhani kuna mtu angefika huko.

Jioni ile alikwenda nyumbani kwa dada yake akiwa na sentensi aliyoitengeneza njiani: Dada, kuna jambo dogo kuhusu kile kipimo. Alimkuta amekaa mlangoni na majirani, anasimulia kwa mara ya tano alivyochomwa. "Huyu hapa!" akasema alipomwona. "Mdogo wangu amewapima watu wote hawa. Angekuwa hai mama!" Sentensi yake hakuitoa. Akanywa chai, akaaga. Njiani alijipa moyo kwa elimu yake. Kingamwili si ugonjwa. Wapo watu chungu nzima wenye mistari miwili ambao hawataugua maisha yao yote. Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana yalimfaa sana kwa kujidanganyia.

Kesho yake alisema kesho. Daktari wa ngozi alikuja, akawakagua wenye mistari miwili, akawakuta kadhaa wana ukoma uliokuwa bado mchanga, akawaanzishia dawa kabla hawajapoteza hata ukucha. Daktari, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alimpongeza Bwana Tone mbele ya wenzake wote. "Uliwezaje kuwaleta? Mtaa huu umenishinda miaka!" Akajibu kwamba ni juhudi za pamoja. Usiku alikuwa akihesabu waliookolewa na uongo wake, akijaribu kuona kama wanatosha kumfunika dada yake. Hawakutosha. Hata wangekuwa mji mzima, wasingetosha.

Halafu nguo zikaanza kuungua.

Dada Pasi alikuwa na namna yake ya kupima joto la pasi. Alilowesha ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kulia, akaigusa pasi mara moja, chap, akajua kama inafaa hariri au inafaa suruali nzito. Hakukosea miaka nenda miaka rudi. Sasa mashati yalirudi na alama za kahawia mgongoni. Aliulaumu mkaa. Akabadili mkaa. Akailaumu pasi.

"Bwana Tone," kinyozi alimwambia siku moja, huku akimnyoa, "dada yako siku hizi anatubanika. Shati langu la Ijumaa limekuwa ramani. Mwambie avae miwani."

"Nitamwambia," alijibu, akafumba macho kwa sababu wembe ulikuwa shingoni, na kwa sababu nyingine.

Alikwenda Jumapili mchana. Watoto wa jirani hawakuwepo, majirani hawakuwepo, barabara ilikuwa imelala. Dada Pasi alikuwa ameketi kwenye mkeka chumbani, akishona vifungo. Kwenye kile kidole chake kidogo palikuwa na lengelenge kubwa, limejaa maji, naye alikuwa akishona kana kwamba kidole ni cha mtu mwingine.

"Hilo limekupata wapi?"

Akakitazama kidole kwa mshangao. "Aa! Hata sikuliona." Kisha akaiweka nguo pembeni. "Afadhali umekuja. Nataka uniangalie kitu." Akashusha blauzi begani. Palikuwa na baka lililopauka, pana kama kiganja cha mtoto, kingo zake hazieleweki zinaishia wapi. "Hili lina muda. Haliwashi, haliumi. Hebu niambie ukweli, mdogo wangu. Si lile jambo lenu?"

Alikuwa ameulizwa. Hapakuwa na umati, hapakuwa na kinyozi, hapakuwa na foleni ya kuokoa. Palikuwa na dada yake na bega lake na swali lililonyooka. Na Bwana Tone alijua, kama unavyojua sauti ya mtu wa nyumbani gizani. Lakini kusema "ndiyo" kulikuwa na mkia, na mkia wenyewe ni siku ile sokoni. Angesema ndiyo, angeulizwa, mbona ulisema safi?

"Ni fangasi," alisema. "Lile jambo wewe nilishakupima."

Uso wa dada ukafunguka kwa furaha. "Si ndiyo nasema! Mimi nilikuwa najitia wasiwasi bure. Jirani aliniambia niende kwa daktari wa ngozi, nikamwambia niende kufanya nini, nikawazibie wagonjwa nafasi? Mimi nina mpimaji wangu."

Siku ya pili yake alimletea dawa ya kupaka, ya fangasi. Dada Pasi aliipaka asubuhi na jioni, kwa utiifu wa mtu anayemwamini aliyempa. Msimu ukapita. Kila alipomwona amepaka, Bwana Tone alijisikia kama mwizi anayeshukuriwa kwa kurudisha mfuniko wa sufuria aliyoiba.

Mwishowe kilichomshinda kilikuwa kikombe. Alikuwa ameketi naye mezani, dada akamimina chai, akakiinua kikombe kwa mkono wa kulia, na kikombe kikamponyoka kikavunjika. Akakiokota kwa mkono uleule, na Bwana Tone akaona kidole kidogo na jirani yake vimekunjwa ndani kama vinaficha kitu. "Vinyooshe," alimwambia. Akajaribu. Vidole vikakataa. Dada akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na nguvu. "Uzee huo, unaanza na vidole."

"Kesho daktari wa ngozi anakuja. Nitakupeleka."

"Si ulisema ni fangasi?"

"Ni kuuangalia tu huo mkono, dada."

Hata hapo, mlango ukiwa wazi namna hiyo, hakuingia. Alijiambia daktari atasema, daktari anajua kusema mambo haya. Kumbe mtu anaweza kumwogopa dada aliyembeba mgongoni kuliko anavyoogopa jela.

Chumba cha daktari kilikuwa na dirisha kubwa, kitanda chenye shuka la plastiki na mizani. Daktari alimwambia Dada Pasi afumbe macho, aguse kwa kidole kila mahali atakapohisi pamba inamgusa. Akamgusa shavuni, dada akaonyesha. Akamgusa mkono wa kushoto, akaonyesha. Akamgusa begani kwenye baka, mgongoni kwenye mabaka mengine ambayo mwenyewe hakuwahi kuyaona, akashuka ukingo wa mkono wa kulia hadi kidole kidogo.

Dada Pasi alikuwa amekaa kimya, macho amefumba, anasubiri kwa adabu. "Endelea tu, daktari," alisema. "Niko tayari."

Daktari aliitua pamba. Akapapasa nyuma ya kiwiko, akaukuta mshipa wa fahamu umevimba kama kamba ya viatu yenye fundo. Bwana Tone alikuwa amesimama karibu na mizani. Hakuwa na mahali pa kuiweka mikono yake.

"Fumbua macho, mama," daktari alisema. "Huu ni ukoma. Unatibika, sikiliza vizuri, unatibika kabisa. Leo hii utameza dawa ya kwanza hapa hapa, na ukishaanza dawa huwaambukizi watu. Nguo zako hazimwambukizi mtu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Vijidudu tutaviua. Lakini hivi vidole viwili..." Akavishika taratibu. "Nitakupa dawa nyingine ya kutuliza mshipa na mazoezi ya mkono, na kuna nguvu kidogo itarudi. Kurudi kama zamani, siwezi kukuahidi. Tumechelewa. Ugonjwa wa namna hii huwa unaonekana mapema sana kwenye damu, ungejaa kwenye kile kipimo hata kipofu angeuona. Mtaa mzima ulipimwa. Mbona wewe sikukuona?"

Dada Pasi aligeuza shingo akamtazama mdogo wake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayetafuta kitu kwenye kabati na ameshakiona. Bwana Tone aliangalia sakafu.

"Sikupimwa," Dada Pasi alimwambia daktari. "Niliogopa. Nilikataa."

Daktari alipiga paja lake. "Jamani, mama! Watu kama wewe mnatukatisha tamaa. Tumekuleteeni kipimo mlangoni, tone moja la damu! Ungekuja wakati ule, leo ungekuwa unafuma vitambaa kwa vidole hivi. Tena una mdogo wako mpimaji. Huoni haya?"

"Naona haya," alisema Dada Pasi, ameinamisha kichwa.

Hilo Bwana Tone hakuliweza. Yapo mambo aliyoyaweza, tumeyaona, na si machache. Lakini dada yake kukemewa mbele yake, akikubali, mikono yote miwili mapajani, lilimpita kimo.

"Alipimwa," alisema. "Nilimpima mimi, wa kwanza kabisa. Mistari ilikuwa miwili. Nikasema mmoja."

Daktari alimtazama Bwana Tone. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Weka ufunguo wa stoo mezani," alisema. "Hutamchoma mtu kidole mpaka nimezungumza na wakubwa wako. Na huko sokoni nitakwenda mwenyewe, niwapime upya wote wanaotaka." Akamgeukia Dada Pasi, sauti yake imeshuka. "Mama yangu, nisamehe kwa maneno niliyokwambia." Akammiminia maji kwenye glasi, akampa vidonge. Dada Pasi akavimeza kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto.

Nje kulikuwa na kibaraza kirefu chenye benchi, na watu wawili watatu waliokuwa wakisubiri zamu upande wa pili. Bwana Tone alitoka amebeba mfuko wa dawa za dada yake, na aibu iliyoje, alijisikia mwepesi. Ameshasema. Amenyang'anywa ufunguo, kazi huenda imekwenda, lakini mzigo umetuliwa. Akaanza kushuka ngazi. Kugeuka, dada yake hakuwa nyuma yake. Alikuwa amesimama palepale mlangoni.

Akarudi. "Ulijua saa ngapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Daktari alipotaja damu. Nilikutazama, ukaangalia chini."

"Basi mbona ukasema ulikataa? Mbona ukakubali akutukane?"

"Ili tutoke mle ndani. Mambo yetu ni yetu. Nilijua tukitoka utaniambia mwenyewe."

"Lakini nimesema, dada! Umenisikia. Nimesema kila kitu."

"Umemwambia daktari," alisema Dada Pasi. "Mimi hujaniambia."

Akaenda kwenye benchi, akaketi, akaupakata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na machozi lakini hakuyafuta. Bwana Tone alisimama mbele yake, mfuko wa dawa mkononi, akitafuta maneno. Alikuwa na maneno mengi ya kuwaambia watu wa kila namna habari mbaya za damu zao. Alifundishwa, na yeye akafundisha. Hakuna hata moja lililomfaa.

"Siku ile sokoni," alianza, "nilipoona..."

Dada akatikisa kichwa. "Sokoni naielewa. Watu walikuwa wengi, ukapaniki. Hiyo ningekusamehe hata bila kuombwa." Akajifuta pua kwa kiganja. "Anzia pale nilipokufunulia bega, tukiwa mimi na wewe tu."